Picha Mbovu Si Sanaa: Turudishieni Pesa Zetu

"Picha ni sanaa, ndugu yangu, na sanaa hairudishiwi pesa." Maneno haya nimeambiwa mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza yalitoka kwa mwenye studio niliyekuwa namdai fedha za picha za harusi ya mdogo wangu. Hayo sikuyashangaa, mdaiwa hajawahi kukosa falsafa. Mara ya pili yalitoka kwa rafiki yangu mshairi, mtu anayesoma na kusomwa, tena alinitazama kana kwamba nimemdai marehemu Picasso. Hayo ndiyo yaliyonikera mpaka nikakaa kuandika.

Maana sisi watu wa vitabu tuna ugonjwa huu. Likitajwa neno sanaa, tunavua viatu. Mtu akija na kazi mbovu, akaifunika kwa neno hilo, tunakuwa wa kwanza kumtetea, eti tunamlinda msanii mwenzetu. Mimi nasema hatumlindi msanii yeyote. Tunamlinda aliyechukua pesa na hakufanya kazi, na tunamchafulia jina yule mpiga picha wa mtaa wa pili anayeamka alfajiri kwenda kukagua mwanga wa ukumbi kabla maharusi hawajafika.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana mabishano ya namna hii bila hesabu huwa porojo. Studio siitaji jina. Nikiitaja, mjadala wote utakuwa wa studio ile, na wengine watapumua.

Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi. Walioifanya kazi hiyo wanaijua: unaandika ahadi za michango, unakumbusha wasiotoa, unatukanwa kidogo, halafu unasaini mikataba. Mkataba wa picha niliusaini mimi. Bei ilikuwa shilingi 1,800,000. Kwenye makadirio yao waliichambua wenyewe: mpiga picha wa pili 400,000, albamu ya kurasa 40 kwa 350,000, na 1,050,000 iliyobaki ni ya picha zenyewe, zisizopungua 500, zilizohaririwa, ndani ya siku 45. Walitaka asilimia 60 mapema na salio siku moja kabla ya harusi. Tulilipa zote. Risiti ninazo.

Siku ya siku akaja kijana mmoja. Mmoja tu, na kamera moja. Alikuwa deiwaka: alipigiwa simu asubuhi ile ile, hakujua majina ya maharusi, hakuwa ameliona kanisa wala ukumbi. Kijana mwenyewe simlaumu. Alifanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano usiku, na hakula mpaka shangazi alipomwekea sahani mkononi akamwambia, "Mwanangu, keki haikimbii, kula kwanza." Namlaumu aliyemtuma.

Picha zikaja baada ya miezi minne. Zilikuwa 187. Humo, 41 ni za mapambo, viti na keki. Baba anapomshika binti yake mkono kumpeleka mbele, picha zote tatu zimecheza. Unaona suti, huoni baba. Meza kuu ni zambarau mwanzo hadi mwisho, kwa sababu taa za ukumbi zilikuwa zambarau na hakuna aliyehangaika nazo, si siku ile wala kwenye kuhariri. Albamu ilikuwa na kurasa 24. Na bibi yetu mzaa mama, aliyetoka Lushoto kwa basi akiwa na miaka 84, yumo kwenye picha moja. Yuko pembeni, amekatwa kuanzia juu ya nyusi, na mkono wa mshereheshaji umepita mbele ya kidevu chake.

Bibi alifariki miezi saba baada ya harusi. Tulipotafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, tulikuza ile ya kitambulisho cha NIDA.

Nikapiga hesabu. Mpiga picha wa pili hakuja: 400,000. Kurasa 16 kati ya 40 za albamu hazipo: 140,000. Picha 313 kati ya 500 hazipo: 657,300. Jumla shilingi 1,197,300. Nikaandika barua ya madai, nikaambatisha makadirio yao wenyewe. Kwa picha zilizokuwepo, hata zile zilizocheza, sikudai senti. Kwa bibi sikuweka bei.

Majibu yalikuja kwa awamu. Kwanza tiki za bluu za WhatsApp, wiki tatu. Kisha wakaicheka ile 300 ya mwisho wa hesabu: "Kwa hiyo na mia tatu unaitaka?" Ndiyo, naitaka, ndiyo hesabu ilivyo. Kisha wakatoa ofa ya kuwapiga maharusi picha upya, bure, ufukweni. Mdogo wangu avae gauni la kukodi aliloshalirudisha, mume wake avae suti, wasimame Coco Beach wajifanye ni ile siku. Na bibi je, naye tumpigie simu? Mwisho wakasema watatoa 300,000 "kwa kulinda uhusiano", kwa sharti kwamba nisaini karatasi ya kutolizungumza jambo hili popote. Sikusaini. Dai linakwenda Mahakama ya Mwanzo. Na ndipo lilipokuja lile neno: sanaa.

Haya, tuizungumze hiyo sanaa.

Hoja yenyewe, ukiisimamisha wima ili tuione vizuri, inakwenda hivi. Kazi ya sanaa haina kipimo cha nje. Wewe umeona zambarau, msanii ameona hali ya kihisia. Wewe umeona ukungu, yeye ameona mwendo. Ukiruhusu mteja adai pesa kwa sababu hakupenda, umemfanya msanii kuwa mtumwa wa ladha ya shangazi zako. Rafiki yangu mshairi akaongeza kwamba wachoraji wengi wakubwa walikataliwa na watu wa zama zao.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, tusiudharau. Ladha haidaiwi. Kama mpiga picha alipenda kupiga kutoka chini kwenda juu, au alipenda vivuli vizito, au alimwona bwana harusi akicheka wakati wengine walitaka awe na heshima ya picha ya pasipoti, hapo mteja anyamaze. Alimchagua mtu huyo baada ya kuziona kazi zake. Nimesoma riwaya nyingi nilizozichukia na sijawahi kurudi dukani kuomba pesa, kwa sababu mwandishi hakuniahidi kwamba nitaipenda.

Lakini angalia kilichofanyika hapo. Watu wamechukua hoja inayohusu ladha wakaivalisha jambo lisilo la ladha kabisa. Mpiga picha wa pili hakuja. Hilo ni swali la ladha? Kurasa 24 si kurasa 40, na hakuna nadharia ya sanaa inayobadilisha hesabu ya darasa la tatu. Siku 45 zimekuwa miezi minne. Hata ukungu una kipimo chake: anayetaka kuonyesha mwendo huiacha kamera itulie na kitu kisogee, au humfuata mtu na kamera ili mtu abaki wazi na ukuta wa nyuma ukimbie. Picha ambayo mtu, ukuta na kiti vyote vimecheza kwa pamoja haina mwendo wowote. Ina mkono uliotetemeka na mwanga mdogo.

Fikiria kitabu chako. Umelipa mchapaji nakala 500. Vitabu vya ofseti huchapwa kwa vipande, mara nyingi vya kurasa 16 kila kimoja. Sanduku limefika, umefungua, kipande kimoja hakimo: riwaya inaruka kutoka ukurasa wa 32 hadi wa 49. Mhusika wako aliyekuwa hai sasa anazikwa na msomaji hajui alikufaje. Unampigia mchapaji, anakwambia, "Vitabu ni sanaa, ndugu yangu, huo ni ukimya wa kisanaa." Kuna mwandishi mmoja kati yetu atakayemsikiliza? Tungemfuata karakana kwake na bajaji ya kwanza.

Kuna mwingine alinijia na Roland Barthes. Nilijua atakuja, katika mijadala ya picha Barthes hakosi, kama pilau kwenye harusi. Akanikumbusha kwamba katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1980, Barthes anasema kinachotuchoma katika picha mara nyingi ni kitu kidogo ambacho mpiga picha hakukikusudia. Kwa hiyo, akasema, huenda hiyo picha ya bibi aliyekatwa ndiyo picha kuliko zote.

Nilikirudia kitabu hicho. Barthes anaandika juu ya picha ya mama yake aliyopigwa mwaka 1898, akiwa mtoto wa miaka mitano, amesimama na kaka yake kwenye bustani ya vioo. Mama amefariki, mwana anapekua picha moja baada ya nyingine bila kumpata, mpaka anafika kwenye hiyo, anamtambua. Picha yenyewe hakuichapisha kitabuni, alisema kwa wengine ingekuwa picha ya kawaida tu. Sasa jiulize: alimtambuaje? Alimtambua kwa sababu kuna mtu, jina lake hatulijui, aliyemweka mtoto yule ndani ya fremu, akaishika kamera ikatulia, akaisafisha picha ikadumu zaidi ya miaka 80. Falsafa yote ile imesimama juu ya fundi aliyefanya kazi yake. Mpe Barthes uso uliokatwa kwenye nyusi na mkono wa mshereheshaji mdomoni, uone kama kitabu kingeandikwa.

Wala hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Pwani yetu ina historia ya picha ya kujivunia. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, alikuwepo N. V. Parekh, na picha zake za studio za wapendanao, marafiki na familia leo zinatazamwa kwenye makumbusho ya nje. Watu hawa walikuwa mafundi wa biashara. Waliokuja kwao walikuwa wateja, wakilipa, wakisubiri, wakirudi kuchukua. Na walifanya kazi kwa filamu: roli ya 120 kwenye kamera ya mraba ilitoa picha 12 tu, ya milimita 35 ilitoa 36. Kila kosa lilikuwa gharama. Hakuna aliyewaambia wachague, ama uwe fundi ama uwe msanii. Ufundi ulitangulia, usanii tumeutambua baadaye sisi, tena kwa sababu picha zilikuwa safi kiasi cha kutazamika baada ya nusu karne.

Kuna jambo moja sikulitia kwenye hesabu ya madai, na ndilo lililomuudhi mama kuliko yote. Wametuchubua. Ukiifungua albamu unakuta ukoo mzima umetoka mweupe. Baba, ambaye ni mweusi wa kung'aa na anajijua, amekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mdogo wangu hana vinyweleo usoni, hana kovu lake la tetekuwanga, hana pua yake vizuri. Programu imepitishwa juu ya picha zote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayepaka chokaa ukuta. Nilipouliza nikajibiwa kwamba "ndiyo wateja wanavyopenda". Sisi ndio wateja. Nani alituuliza?

Hapa pana historia ambayo kila mpiga picha anapaswa kuijua. Filamu za rangi kwa miaka mingi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kodak walisambaza kwa maabara kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sahihi". Mtu mweusi akipigwa kwenye kundi, hutoka meno na macho. Msomi wa Canada, Lorna Roth, ameichunguza habari hiyo. Anasimulia kwamba msukumo mkubwa wa kuifanya filamu ione vizuri rangi za kahawia haukutokana na watu weusi. Ulitokana na kampuni za chokoleti na za samani, ambazo zililalamika kwamba chokoleti chungu na ya maziwa hazitofautiani kwenye matangazo, wala mbao za aina moja na nyingine. Wenye pesa walilalamika, kiwanda kikasikia.

Nawaomba mlisome hilo mara mbili. Ngozi yetu ilipata nafuu kwenye filamu kwa sababu ya malalamiko ya wateja, tena wateja wenye ankara mkononi. Sasa leo kamera zinaweza kuona kila rangi ya uso wa baba yangu, na sisi wenyewe, Dar es Salaam, tunamchubua kwa programu, halafu anayelalamika anaitwa msumbufu. Nani mwingine atalalamika kwa niaba yetu? Tusubiri kampuni ya chokoleti?

Kwamba sheria haigusi sanaa ni uongo mwingine. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haina ibara inayosema "isipokuwa wasanii". Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, au ambayo pande zote zilijua ingeweza kutokea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu huduma anayoiuza. Ukinionyesha kazi za bingwa ukanitumia deiwaka, hapo hatujadili sanaa. Majirani zetu Kenya wamekwenda mbele zaidi: wana Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016, iliyoanza kazi 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Madai ya picha za harusi yangeenea humo vizuri kabisa.

"Lakini huzuni haina bei," wataniambia. Mahakama za wenzetu zilishalijibu hilo zamani. Mwaka 1971 huko Scotland, katika kesi ya Diesen dhidi ya Samson, mpiga picha aliyekodiwa kwa harusi hakutokea. Bibi harusi akadai, na mahakama ikampa fidia kwa kukosa kumbukumbu ile na kwa masikitiko aliyoyapata, kwa sababu furaha ya baadaye ndiyo hasa kitu kilichonunuliwa. Mwaka uliofuata, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Jarvis aliishtaki kampuni ya utalii iliyomuahidi likizo ya shamrashamra Uswisi. Wiki ya pili akajikuta mgeni peke yake, na yule mwimbaji wa milimani aliyeahidiwa akaja na nguo za kazi, akaimba nyimbo chache haraka haraka akaondoka. Alikuwa amelipa kama pauni 63. Mahakama ya Rufaa, chini ya Lord Denning, ikampa 125. Hukumu hizo haziifungi mahakama yetu, lakini hoja yake mtoto anaielewa: ukimuuzia mtu furaha, ukampa karaha, deni lako ni furaha, si karatasi tu.

Sheria basi ipo. Kinachotukwamisha ni aibu yetu.

Nilipoanza kudai, upinzani wa kwanza haukutoka studio. Ulitoka kwenye kamati. Mjomba akasema harusi imeisha, mbona tunaifukua. Mama mkubwa akasema kugombania pesa za harusi kunaleta gundu kwenye ndoa changa. Mweka hazina, ambaye kwenye vikao aligombana na muuza maua kwa ajili ya shilingi elfu kumi na tano, akasema, "Mwachie kijana, naye anajitafuta." Sote tunajitafuta, jamani. Yule mama aliyechangia laki moja kutoka kwenye mauzo ya vitumbua naye anajitafuta, na hakuna aliyemuuliza kama anamwachia mtu.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba pesa hii si yangu peke yangu. Harusi zetu hulipwa na watu mia mbili. Kila mmoja ameahidi, amekumbushwa, amelipa kwa awamu kwa simu. Mchango ni deni la heshima. Ukioza, umeoza mbele ya ukoo. Kwa hiyo anayesema "tuyaache" anatoa sadaka ya pesa za wengine. Na mharibifu analijua hilo vizuri. Biashara yake inategemea hesabu moja ndogo: maharusi hawarudi. Mteja wa kinyozi atarudi baada ya wiki mbili, kwa hiyo kinyozi anajichunga. Mteja wa harusi anakuja mara moja, anaondoka na haya zake, kesho anakuja mwingine asiyejua kitu. Bila lalamiko la wazi, hakuna kinachomrudisha mtu kwenye mstari.

Nawasikia pia wapiga picha wazuri, na wana haki ya kusikilizwa. Kamati huomba punguzo mpaka aibu. Bibi harusi hutoka saluni saa tatu baada ya muda, mwanga wa jioni ukiwa umeshakwenda. Wageni husimama mbele ya kamera na simu zao juu, kama msitu. Wenye kumbi hufunga taa za disko juu ya watu wazima waliovaa vitenge. Halafu mteja huyo huyo anataka picha "kama zile za Nigeria". Yote hayo ni kweli. Basi yaandikwe: mkataba useme kwamba bibi harusi akichelewa, picha za bustanini hazidaiwi. Useme taa za ukumbi ni juu ya nani. Useme nani hasa atakuja, kwa jina, na akiugua atakuja nani. Useme familia itaje watu kumi ambao lazima wapigwe, na bibi wa miaka 84 awe wa kwanza. Mpiga picha mzuri haogopi karatasi ya namna hiyo, kwa sababu inamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayetaka kurudishiwa pesa kwa kuwa hakupenda tabasamu lake mwenyewe.

Sasa nirudi kwa mshairi wangu na wenzake, maana barua hii kwa kweli ni yenu. Nyinyi, na mimi nikiwemo, kila mwaka tunalalamika. Mchapishaji hajalipa mrabaha. Mratibu wa tamasha amesema "utapata kujulikana" badala ya posho. Gazeti limechapisha shairi bila kulipa. Tunapodai, tunasema nini? Tunasema kuandika ni kazi. Kuna saa ndani yake, kuna ujuzi, kuna makubaliano, kwa hiyo kuna malipo. Tunakasirika mtu akituambia kwamba sanaa haina bei.

Hatuwezi kula pande zote mbili za muwa. Kama sanaa haina kipimo kiasi kwamba mteja hawezi kusema "hii haikufanyika", basi haina kipimo pia cha kusema "hii imefanyika, nilipe". Studio ile, ilipotaka 1,080,000 ya mwanzo, haikuzungumza habari za hali ya kihisia. Ilitaja namba, tarehe na idadi ya kurasa, ikagonga muhuri. Ilikuwa fundi siku ya kupokea, ikawa msanii siku ya kudaiwa. Mwandishi anayemtetea mtu wa namna hiyo anamfundisha mchapishaji wake maneno ya kumjibu.

Kwa hiyo nawaomba, mkiwa kwenye kamati, mkiwa wasimamizi, mkiwa mashangazi wenye sauti: wekeni makadirio ya bei mahali salama, hesabuni picha siku zinapofika, na kama zimepungua andikeni barua wiki hiyo hiyo, kabla aibu haijapata muda wa kukaa kitako. Msisaini karatasi ya kunyamaza. Mpiga picha aliyefanya kazi yake mlipeni yote, bila kumsumbua, na mumsifu kwa jina lake kila mahali. Aliyepokea pesa na hakuifanya kazi arudishe, pamoja na ile mia tatu.